Ukungu Katika Jicho la Mbwa: Ishara Si Ugonjwa

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima aijuaye kazi yake hapandi mbegu kila aonapo wingu. Hulitazama rangi yake, upande litokako na upepo unaolisukuma. Busara hiyo hiyo ndiyo itakiwayo mbele ya jicho la mbwa lililoingia ukungu, lakini aghalabu hukosekana. Mbwa akionekana ana jicho jekundu au jeupe, mwenyewe hutafuta chupa ya dawa ya macho iliyobaki kabatini tangu alipougua mtu wa nyumbani, au hununua dukani tyubu ya kwanza aonyeshwayo, akaitia, akangoja. Wengine hutia sukari, chumvi au utomvu wa majani. Maoni ya makala haya ni kwamba mazoea hayo ni kinyume cha sayansi, kwamba madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa, na kwamba shule ya sekondari ndiyo mahali panapofaa kuanza kuyakomesha.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tutumie wino juu ya jicho la mbwa, ilhali binadamu wenyewe wana matatizo ya macho yasiyopata tiba. Majibu ni mawili. Kwanza, mbwa ni mfanyakazi: hulinda nyumba, hulinda mifugo, humsaidia askari. Mbwa kipofu hawezi kazi hiyo, na maumivu ya jicho kwake ni maumivu kama yetu. Pili, jicho ni kiungo pekee ambacho mtazamaji anaweza kuona ndani yake tishu hai, mishipa ya damu na maji ya mwili bila kukata ngozi. Umbo la jicho la mbwa linafanana mno na la binadamu. Anayejifunza kulitazama jicho moja kwa makini amejifunza kuyatazama yote.

Jicho lilivyoumbwa

Mbele kabisa ya jicho ipo konea, kioo cha asili ambacho mwanga hupitia. Unene wake kwa mbwa ni kama nusu milimita au zaidi kidogo. Konea haina mishipa ya damu, kwa maana mishipa ingezuia mwanga. Hulishwa na machozi kwa upande wa nje, na kwa upande wa ndani hulishwa na maji maangavu yaliyomo katika chumba cha mbele cha jicho. Tabaka lake la nje hukinga maji ya machozi yasipenye. Tabaka la ndani kabisa hufanya kazi ya pampu: seli zake huyatoa maji yaliyoingia, ili konea ibaki kavu kiasi cha kuwa angavu.

Lolote liharibulo utaratibu huo, liwe jeraha, sumu, vijidudu, uvimbe wa ndani ya jicho au shinikizo lililozidi, huleta matokeo yale yale: konea hunywa maji na kugeuka rangi ya maziwa au ya buluu. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sababu ni nyingi, sura ni moja. Ukungu si jina la ugonjwa. Ni habari kwamba kuna ugonjwa.

Nyuma ya konea ipo irisi, yaani duara lenye rangi, na katikati yake mboni, tundu linalopanuka gizani na kufinyika penye mwanga. Kisha ipo lenzi, na mwisho retina ipokeayo picha. Mbwa ana pia kitu ambacho sisi tumebaki na alama yake tu: kope ya tatu, iliyofichika pembeni mwa jicho karibu na pua. Ikichomoza na kulifunika jicho nusu, si kitu kigeni kilichoota humo. Ni dalili kwamba jicho linauma, au kwamba limerudi ndani kwa sababu mnyama amekonda au anaugua.

Mbwa watatu, ukungu wa namna tatu

Tuwachukue mbwa watatu wa mfano, kila mmoja na jicho lenye ukungu.

Wa kwanza ni mbwa wa boma, kijijini. Alimbwekea nyoka kichakani, na sasa anafumba jicho kwa nguvu, machozi yanamtiririka, naye analisugua jicho kwa mguu. Nyoka huyo ni swila, na jamii zake kadhaa zinaishi katika Afrika ya Mashariki. Mmoja wao, swila mkubwa apatikanaye Kenya, alitambuliwa na wataalamu kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 tu. Sumu ya swila huunguza konea na kuweza kulitoboa tabaka lake la nje. Mwiba wa mgunga au ukucha wa paka huweza kuleta jeraha la namna hiyo hiyo. Ukungu huu, basi, ni ukungu wa kidonda.

Wa pili ni mbwa wa ulinzi wa aina ya German Shepherd, afanyaye kazi katika nchi ya miinuko. Halii kwa maumivu. Lakini kwa miezi kadhaa wekundu umekuwa ukitambaa juu ya konea kutoka pembeni kuelekea katikati, ukifuatwa na weusi. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoishambulia konea. Maradhi haya huwapata hasa mbwa wa aina hiyo, na miale ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, huyazidisha. Miale hiyo huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Kwa hiyo mbwa huyo ana hatari kubwa zaidi Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Arusha, kwenye mita kama 1,400, kuliko Mombasa au Tanga. Ukungu huu hauna kidonda.

Wa tatu ni mbwa wa mchungaji, akaaye mpakani mwa pori lenye mbung'o. Macho yake yote mawili yamegeuka rangi ya maziwa katika muda wa siku chache. Lakini ukiacha kuyatazama macho peke yake utaona pia kwamba amekonda, ufizi wake umepauka, tezi za shingoni zimevimba, na mwili una joto. Huyu anaugua nagana. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, akiwa Ubombo katika nchi ya Wazulu, alivitambua vimelea vya ugonjwa huo katika damu, na mwaka 1899 vikapewa jina la Trypanosoma brucei kwa heshima yake. Vimelea hivyo havikai ndani ya mishipa ya damu tu. Hupenya hata katika maji ya jicho, vikaliwasha jicho kutoka ndani. Ukungu huu umetoka katika mwili mzima.

Chupa moja kwa macho matatu

Sasa tuichukue ile chupa ya kabatini. Aghalabu matone yake huwa na dawa ya jamii ya steroidi, kama vile deksamethasoni au prednisoloni, peke yake au pamoja na dawa ya kuua bakteria. Steroidi hutuliza uvimbe na wekundu. Ndiyo sababu watu huiona kuwa dawa nzuri. Jicho hupoa, na mwenye mbwa hufurahi.

Kwa mbwa wa pili, chupa hiyo inaweza kuwa ndiyo tiba hasa. Steroidi huizuia kinga inayoishambulia konea, na kwa matibabu ya kudumu chini ya uangalizi wa daktari mbwa huyo anaweza kuendelea kuona kwa miaka mingi, ingawa haponi kabisa.

Kwa mbwa wa kwanza, chupa hiyo hiyo ni msiba. Steroidi huchelewesha kidonda kufunga, hudhoofisha ulinzi dhidi ya bakteria, na huzipa nafasi kemikali zinazoila konea. Katika muda wa siku chache, pengine hata siku moja, konea inaweza kulainika kama ute, ikatoboka, na jicho likapotea. Ubaya zaidi ni kwamba siku ya kwanza wekundu hupungua, mwenye mbwa akadhani amefanya vyema.

Kwa mbwa wa tatu, chupa itapunguza ukungu kidogo na kuficha dalili, huku vimelea vikiendelea kuongezeka mwilini. Mbwa mwenye nagana asipotibiwa mapema hufa. Wala haifai mwenyewe kukimbilia dawa ya nagana itumiwayo kwa ng'ombe. Dawa ya diminazini, kwa mfano, kipimo chake kikizidi kidogo kwa mbwa huweza kuudhuru ubongo. Tena haiingii vizuri katika ubongo, na vimelea vilivyojificha humo huweza kurudi katika damu baadaye.

Basi chupa moja imemsaidia mmoja, imemharibu wa pili, na imempotezea muda wa tatu. Tofauti haikuwa katika dawa, bali katika swali ambalo halikuulizwa. Na yupo mbwa wa nne, ambaye hakuhitaji chupa yoyote. Mbwa apitaye umri wa miaka 7 hivi, lenzi yake hukazana na kuonyesha rangi ya buluu hafifu nyuma ya mboni. Hayo ni mabadiliko ya uzee, naye huendelea kuona. Watu wengi huyaita mtoto wa jicho na kuyatafutia dawa, ilhali mtoto wa jicho wa kweli ni weupe uzuiao mwanga, wala hakuna matone yanayouyeyusha. Huondolewa kwa upasuaji.

Vipimo viwili vyenye mafunzo

Daktari wa mifugo huwatofautishaje mbwa hawa? Chombo chake cha kwanza ni rangi iitwayo fluoresini, iliyotengenezwa mara ya kwanza na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871. Rangi hiyo huyeyuka katika maji lakini haipenyi katika mafuta. Tabaka la nje la konea lina asili ya mafuta na huikataa. Likiwa zima, rangi huoshwa yote. Penye kidonda, tabaka la chini lipendalo maji huinywa, na jeraha huwaka kijani chini ya mwanga wa buluu. Kwa tone moja daktari amejua kama steroidi ni tiba au ni sumu. Ni wazi, basi, kwamba kutoa dawa hiyo pasipo kipimo hiki ni kubahatisha.

Kipimo cha pili kilibuniwa na daktari wa macho Otto Schirmer mwaka 1903. Kipande chembamba cha karatasi inyonyayo huwekwa ndani ya kope ya chini kwa dakika 1, kisha hupimwa urefu uliolowa. Kwa mbwa mwenye afya huwa milimita 15 au zaidi. Pungufu ya 10 huleta shaka, na pungufu ya 5 ni ukavu mkubwa. Wako mbwa wengi wenye tongotongo zito, la kunata, lirudilo kila asubuhi, ambao hutiwa dawa za kuua bakteria mwezi baada ya mwezi. Wengine kati yao hawana ugonjwa wa bakteria kama chanzo, wanakosa machozi. Dawa iwafaayo ni ile iamshayo tezi za machozi, kama siklosporini. Kipande cha karatasi kinatosha kuonyesha jambo ambalo chupa kumi za dawa haziwezi kuonyesha.

Yafaayo kufanywa nyumbani

Haifuati kwamba mwenye mbwa akae mikono mitupu. Yapo mambo yapasayo kufanywa mara moja.

Sumu ya swila, chokaa, sabuni au vumbi likiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, bila kungoja dawa. Maji yasiyounguza jicho ni yale yenye chumvi kiasi cha ile iliyomo mwilini: gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Lakini penye sumu, maji safi ya kawaida yaliyo karibu ni bora kuliko maji ya chumvi yaliyo mbali. Baada ya kuosha, mbwa apelekwe kwa mtaalamu, kwa kuwa kidonda huweza kufuata.

Tongotongo lifutwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa, kila jicho kitambaa chake. Mbwa azuiwe kulisugua jicho. Mwiba uliochoma konea usichomolewe nyumbani, kwa maana huenda ndio uliozuia maji ya jicho yasimwagike. Wala isitiwe dawa ya mtu, sukari, maji ya majani au chochote cha namna hiyo.

Dalili hizi nazo hazingojei hata kesho: jicho lisilofumbuka kwa maumivu, jicho lililovimba na kuwa gumu, lenye mboni iliyopanuka isiyofinyika kwenye mwanga, mboni mbili zisizolingana, upofu wa ghafula, na jicho lililotoka mahali pake. Jicho gumu lenye mboni pana huonyesha glakoma, yaani shinikizo la ndani kuzidi, na neva ya kuona huweza kufa katika muda wa siku chache au hata saa. Huo ndio ufa usipozibwa, hakuna ukuta wa kujenga tena.

Hoja za wasioafiki

Wapo watakaosema kwamba madaktari wa mifugo ni wachache, wengi wao wako mijini, na kwamba mwanakijiji akiambiwa asitie dawa mpaka amwone daktari, ameambiwa asitibu kabisa. Hoja hii ina uzito, lakini uzito wake unaangukia upande wetu. Pale wataalamu walipo wachache, maelezo sahihi ni mali. Bwana mifugo apigiwaye simu na kuambiwa, "Mbwa wangu anaumwa macho," hana la kufanya nalo. Akiambiwa, "Ni jicho la kulia tu, tangu jana asubuhi, analifumba, konea ina doa jeupe karibu na katikati, la kushoto ni zima," ameshapewa nusu ya kazi, naye anaweza kuamua kama aje leo au wiki ijayo. Kutazama hakuna gharama.

Wapo pia wasiopenda kumgusa mbwa, kwa sababu za dini au desturi. Nao wana haki yao. Kutazama hakuhitaji kugusa. Hata wapendao mbwa haifai wamguse asiyewajua, wala yule anayeumwa. Mbwa aliye katika maumivu huuma, na mbwa mwenye mwenendo mgeni, adondokwaye na mate, au aumaye pasipo kuchokozwa, huenda ana kichaa cha mbwa. Mwanafunzi asimkaribie mbwa wa namna hiyo kwa sababu yoyote, bali atoe taarifa kwa watu wazima.

Ipo hoja ya tatu, kwamba hili ni jambo la wenye mbwa tu. Turudi kwa mbwa wa mchungaji. Vimelea vya jamii ile ile, aina iitwayo rhodesiense, ndivyo vinavyoleta malale ya binadamu katika Afrika ya Mashariki. Ng'ombe wa kienyeji wanaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili kubwa. Mbwa, kinyume chake, huugua upesi na kwa ukali. Jicho la mbwa lililogeuka maziwa mpakani mwa pori laweza kuwa taarifa ya kwanza kwamba mbung'o wamefika na wamebeba vimelea. Unguja ilifanikiwa kuwaondoa mbung'o mwaka 1997 kwa kuachia madume yaliyotiwa utasa kwa mionzi. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Rwanda mwaka 2022 na nchini Kenya mwaka 2025. Mafanikio hayo ni ya kujivunia; lakini ugonjwa unapokuwa nadra, ndipo watu wanaposahau sura yake. Kwa hiyo anayelitazama jicho la mbwa vizuri anawalinda na watu pia.

Kazi ya shule

Katika shule nyingi mwanafunzi hufundishwa jicho kwa picha ubaoni, na penye bahati kwa kupasua jicho la ng'ombe kutoka machinjioni. Mafunzo hayo ni mazuri, lakini jicho la machinjioni limekufa. Halitoi machozi, mboni yake haifinyiki, wala haliugui. Napendekeza mwalimu wa baiolojia aongeze zoezi moja la macho yaliyo hai. Kila mwanafunzi achague mnyama wa nyumbani amjuaye, mbwa, mbuzi au ng'ombe, amtazame kwa siku 14, na kuandika daftarini majibu ya maswali machache: Je, macho yote mawili yanafanana? Yanafumbuliwa sawasawa? Konea inang'aa? Mboni zinalingana, na zinafinyika penye mwanga wa tochi? Tongotongo lina rangi gani? Pamba ikiangushwa mbele yake, mnyama anaifuata kwa macho? Pamba imechaguliwa kwa kuwa haina sauti wala harufu kali. Hilo lenyewe ni somo la namna ya kupanga jaribio.

Masomo mengine yanaweza kushiriki. Mwalimu wa kemia ana maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na fluoresini isiyopenya katika mafuta. Mwalimu wa fizikia ana konea na lenzi. Mwalimu wa jiografia ana ramani ya mbung'o, na kimo cha nchi kilivyo na uhusiano na miale ya jua. Mara chache kitu kimoja kidogo hukusanya masomo mengi namna hii.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni ya kifikra. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza, "Nitie dawa gani?" atakuwa mtu mzima wa kununua vidonge kwa kila homa na dawa ya kunyunyiza kwa kila jani lililogeuka manjano. Aliyezoea kuuliza, "Ukungu huu umetoka wapi?" atauliza hivyo hivyo juu ya homa, juu ya shamba na juu ya maji ya kisima. Walimu wanaweza kulianza zoezi hili muhula huu, kwa daftari, tochi na pamba tu. Na wale wenye chupa iliyobaki kabatini waitoe leo, waipeleke kwa mfamasia aiharibu, kabla haijatafutiwa jicho la kuitia.